Je, nanyi mlikua na nusu tu ya hadithi ya Simba?

Mtoto wa Kambi, Kampala

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina swali ambalo litaonekana la kitoto, lakini naomba mnivumilie, kwa kuwa limeleta ubishi nyumbani kwangu kwa wiki nzima na bado halijapata jibu.

Nililelewa katika kambi ya polisi ya Nsambya, katika zile nyumba ndogo za mabati zenye umbo la duara ambazo hadi leo huitwa mama ingia pole. Baba zetu walitoka Arua, Soroti, Kabale na Mbale, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa hiyo sisi watoto tulicheza, tukagombana na kutukanana kwa Kiswahili. Mwaka 1996, nilipokuwa na umri wa miaka 8, shangazi yangu, dada yake baba, ambaye alikuwa akinunua nguo Nairobi na kuziuza katika soko la Owino, alituletea deki ya video pamoja na kanda moja iliyonakiliwa. Ilikuwa The Lion King, ile katuni ya Disney iliyotoka 1994. Jioni ya kwanza tulijaa watoto wa safu nzima ndani ya chumba ambacho wakikaa watu wanne, mmoja wao hana budi kukunja miguu.

Miezi michache baadaye shangazi alifanya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, kwa wazazi wake. Mpiga picha alipoleta kanda yake ndogo ili sherehe inakiliwe kwenye kanda kubwa, mtu fulani, ambaye baba anakana hadi leo kuwa ni yeye, alichukua kanda yetu ya Simba. Hakuirudisha mwanzo. Kwa sababu hiyo sherehe ilianzia pale pale filamu ilipokuwa imesimamishwa, baada ya dakika 50 hivi, na nusu ya pili ikafutika yote.

Naomba mwelewe ilikatikia wapi hasa. Simba amekimbia nyumbani baada ya baba yake kufa, ameokolewa na nguchiro Timon na ngiri Pumbaa, amefundishwa kula wadudu na kusema hakuna matata. Wanavuka gogo wakiwa watatu, wakitikisa vichwa kwa kufuata wimbo, nyuma yao kuna mwezi mkubwa, na kila baada ya hatua chache Simba anaonekana mkubwa zaidi, mpaka anafika upande wa pili akiwa na manyoya marefu shingoni. Hapo picha ilijaa chenga, sauti ikakwaruza, na mara akatokea shangazi ndani ya gomesi, lile vazi refu la sherehe, ya zambarau, akipiga magoti mbele ya wageni. Katika akili yangu ya utotoni, Simba alivuka gogo, akaota manyoya, akapata wakwe. Hivyo ndivyo nilivyoelewa maana ya kukua, na sikuona kasoro yoyote.

Nilikuja kuona mwisho wake nikiwa kidato cha pili, shuleni, na badala ya kufurahi nilikasirika. Katika filamu yangu hakuna aliyemfuata Simba kumdai kitu, wala hakuna aliyemrudisha kwenye nchi iliyokauka ili apigane na baba yake mdogo. Nilihisi kama mtu aliyelipa deni kisha akaambiwa kuwa kulikuwa na ukurasa wa pili.

Sasa mwanangu ana umri wa miaka 6 na ninataka kuitazama naye, ile ya zamani iliyochorwa kwa mkono, si ile mpya ya 2019. Mke wangu anapinga. Anasema mtoto wa umri huo hana sababu ya kuonyeshwa baba akikanyagwa na nyumbu hadi kufa. Je, ninyi mliiona mkiwa na umri gani, na ni sehemu gani iliyowakaa moyoni? Na je, mngemwonyesha mtoto wa miaka 6?

Binti wa Bombo

Kaka, nimecheka hapo kwa shangazi na gomesi yake, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi niliiona yote na niliiona mapema mno.

Baba yangu alifariki 1995. Wakati ule ugonjwa wenyewe, UKIMWI, uliitwa silimu na haukutajwa mbele ya watoto, ingawa sisi watoto tulijua, maana hapakuwa na mtaa usio na yatima. Siku aliyofariki nilikuwa nimetumwa dukani kununua glukosi, nikasimama njiani kutazama wenzangu wakiruka kamba, na niliporudi nilikuta wanawake wameshakaa chini uani. Nilikuwa na umri wa miaka 7. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba kuchelewa kwangu ndiko kulikomuua. Nilijiambia mwenyewe, na niliendelea kujiambia kila nilipopita mbele ya duka lile.

Tulichukuliwa na baba mdogo, mdogo wake baba, na huko ndiko nilikoiona katuni hii, sote tukiwa mkekani naye akiwa kwenye kiti chake. Sasa fikirini hali ilivyokuwa. Mwovu wa hadithi hii, Scar, si jini wala si mgeni kutoka mbali. Ni ndugu mdogo wa marehemu Mufasa, baba yake Simba, yaani baba mdogo hasa, anayetwaa ufalme wa kaka yake na kumfukuza mtoto. Miaka ile kila mtu alikuwa akijua walau mjane mmoja aliyenyang'anywa mabati na kiwanja na shemeji zake. Scar alipomwachia Mufasa aanguke, hakuna aliyethubutu kugeuza shingo kumtazama mwenye nyumba. Alikohoa, akainuka, akaenda kusimama barazani, akarudi pale ambapo ngiri alikuwa akiimba. Tangu siku hiyo kila tulipoomba kanda ile alikuwa akisema kwa upole, "Tuanzie kwa Pumbaa." Mtu yule alinilipia karo hadi nikamaliza chuo, na sikuwahi kupata ujasiri wa kumwambia kuwa hatukumwona kamwe kama Scar.

Lakini nijibu swali lako. Mufasa alipokufa, na mtoto akajiingiza chini ya mkono wa baba yake uliolegea na kulala pale, sikulia. Nilikuwa nimekwisha kuona hayo. Niliposhtuka ni pale Scar alipomuuliza Simba amefanya nini, akamwambia akimbie asirudi tena, na Simba akakubali. Nilijua kabisa anavyohisi. Kisha, karibu na mwisho, Scar akiwa amemshika Simba kwenye ukingo wa mwamba, anamnong'oneza kwamba ni yeye mwenyewe aliyemuua Mufasa. Hapo ndipo nililia, tena kwa sauti, wakati wenzangu wote wakishangilia. Baba mdogo akaniuliza mbona ninalia wakati Simba ndiyo kwanza anaanza kushinda, nami nikasema nimeumwa na siafu.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono mkeo nusu na wewe nusu. Mwonyeshe, lakini usimwonyeshe na kusimamisha. Anayeishia kwenye gogo anamwacha Simba akicheka huku bado anaamini kwamba amemuua baba yake. Wewe hukuliona hilo kwa sababu, namshukuru Mungu, ulikuwa na baba wa kukana kuwa alifuta kanda.

Kijana wa Kisenyi

Nyote mlikuwa matajiri. Sisi tuliiona kwenye kibanda cha video, kwa shilingi 200, kwenye mabenchi ya mbao, katikati ya filamu mbili za mapigano, na juu ya sauti ya Kiingereza kulikuwa na VJ, msimulizi wa kibandani, akitutafsiria kwa Kiluganda na kuongeza mambo yake. Mwamba wa wafalme aliuita Kololo, kile kilima cha matajiri wa Kampala. Fisi aliwapa lafudhi ya makonda wa teksi za Old Park, na Timon akawa dalali wa viwanja. Nyumbu walipoanza kuteremka bondeni alitangaza kama mtangazaji wa mpira, hata tukasahau kuogopa. Lakini Mufasa alipoanguka VJ alinyamaza. Sijui kama alikusudia au alikuwa akinywa maji. Kibanda kizima kilisikia sauti ya filamu yenyewe kwa mara ya kwanza, mtoto akiita baba kwa Kiingereza, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Mtoto wa miaka 6 aione. Watoto wa kibandani walikuwa na miaka 5, wakati mwingine 4, na baada ya Simba waliona mambo mabaya zaidi kwenye filamu iliyofuata.

Mwalimu wa Busia

Nawashukuru kwa mazungumzo haya. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa mpakani, na tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua 2022 kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule zetu, nimepata madarasa ya watoto ambao maneno yao ya kwanza ya Kiswahili si "shikamoo" wala "karibu", bali ni majina ya wanyama wa katuni hii. Kwa hiyo naijua kwa pande mbili, kama mtoto aliyeipenda na kama mtu mzima anayeisahihisha.

Simba anaitwa Simba, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumwita mtoto Mtu. Pumbaa ni kupumbaa kwenyewe, na kwa kweli jina linamfaa. Shenzi, yule fisi jike, amebeba neno ambalo mama yangu angenifinya kwa kulitamka. Jina la mama yake Simba, Sarabi, ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa sarabi ni yale maji ya uongo yanayoonekana mbali barabarani wakati wa jua kali, na Simba huko alikokimbilia hakika alikuwa akimwona mama yake hivyo hivyo. Timon si Mswahili hata kidogo, kwa jina wala kwa asili, kwani nguchiro wa aina yake huishi kusini mwa Afrika. Na Rafiki, kwa sura ile yenye rangi, ni nyani wa misitu ya Gabon na Kameruni ambaye sijui alipitia mpaka gani kuja nyikani kwetu bila stakabadhi. Wimbo wa kufungulia ni wa Kizulu, na Kizulu kilipata hata tafsiri ya filamu nzima. Sisi tulipewa majina.

Kuhusu hakuna matata nina kinyongo kidogo. Kundi la Them Mushrooms la Kenya lilikuwa limekwisha kuiimba 1982, na kabla yao walikuwa wakiisema watu ambao hawakuwahi kuimba chochote. Hata hivyo Disney waliisajili nchini Marekani kama alama yao ya biashara kwa ajili ya fulana, usajili ukakamilika 2003, na ilipofika 2018 watu wengi walitia saini ombi la kuupinga. Hapa kwetu, lakini, mtu wa matata ni mgomvi, na mwenye kutaka kukutuliza atakuambia hakuna shida. Nilipokuwa mtoto nilidhani Timon na Pumbaa wanamwambia Simba kwamba hapo msituni hawataki ugomvi, na mpaka leo naona maana hiyo ndiyo bora, kwa sababu walimpokea mtoto mwenye hatia bila kumhoji.

Sehemu iliyonikaa ni ile ya fimbo. Simba mkubwa anaogopa kurudi, Rafiki anampiga kichwani, Simba analalamika, naye anamjibu kwamba hilo limekwisha kupita. Kisha Simba anakiri kuwa bado linauma, na fimbo inaporudi mara ya pili, anainama ikapita juu. Darasani mwangu, ambako sheria imekataza viboko tangu 2016, wanafunzi hucheka sana hapo, kisha mmoja wao huuliza kwa nini rafiki anampiga rafiki. Nimejibu swali hilo kwa namna tofauti kila mwaka na hakuna jibu lililoniridhisha.

Mtoto wa miaka 6, kaka, mwonyeshe ukiwa umeketi kando yake, wala usiende kupokea simu katikati.

Muongozaji wa Kasese

Mimi huwaongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na hapana wiki inayopita bila mgeni kuniuliza ni yupi kati ya simba wale walio juu ya mkuyu wa Ishasha aliye mfalme. Huwa nawajibu kwamba wanaouliza wamwangalie jike.

Katuni ilisema kweli bila kujua, kisha ikakosea. Simba dume kweli hufukuzwa nyumbani akiwa na umri wa miaka 2 au 3, manyoya ya shingoni yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza, na huzurura na ndugu zake kwa muda mrefu wakila kwa taabu. Hilo gogo analolisema Mtoto wa Kambi kila dume hulivuka. Tofauti ni kwamba harudi kwao. Akifanikiwa, huwa mfalme wa ugenini, na watoto anaowakuta huko mara nyingi huwaua, kwa hiyo kila Simba anayefaulu ni Scar kwa familia nyingine. Wanaobaki nyumbani na kuirithi nchi ni majike, yaani Nala, yule jike rafiki wa Simba tangu utotoni, na mama zake.

Sisi hapa tulikuwa na wetu, Jacob, aliyepoteza mguu mmoja kwa mtego 2020. Mwezi Februari 2024, yeye na ndugu yake Tibu walionekana wakiogelea usiku kuvuka mlango wa Kazinga, umbali wa zaidi ya kilomita 1, kwenye maji yenye viboko na mamba, na watafiti wakasema huenda walikuwa wakitafuta majike. Kwa miguu mitatu. Niliposikia habari ile nilikumbuka gogo la katuni na nikaona aibu kwa niaba ya wachoraji.

Kuhusu mtoto, wangu aliiona akiwa na umri wa miaka 5. Alilalamika kwamba simba hawali wadudu.

Mtoto wa Kambi, Kampala

Nawashukuru nyote, na hasa dada wa Bombo, ambaye ujumbe wake niliusoma mara mbili kisha nikampa mke wangu simu ausome mwenyewe. Hakusema neno. Jioni ya Jumamosi aliandaa chai na mandazi, akaketi upande mmoja wa mtoto, nami nikaketi upande wa pili.

Nyumbu walipoanza kushuka nilimwangalia mwanangu kuliko nilivyoangalia picha. Alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa. Mufasa alipokufa aliuliza kama anaumwa, mama yake akamwambia kuwa amekufa, naye akakubali kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za jirani. Mimi ndiye niliyesafisha miwani. Kisha wakaja Timon na Pumbaa, akacheka kwa kile kicheko cha tumboni, na gogo lilipofika nikamgusa bega nikamwambia aangalie vizuri, kwani sehemu hii ndiyo baba aliyoipenda.

Aliangalia mpaka Simba akafika upande wa pili na manyoya yake. Kisha akageuka, si kwangu bali kwa mama yake, akauliza, "Na Nala kule nyumbani alibaki na nani?"

Nimeitazama nusu ile pengine mara mia moja tangu 1996, na swali hilo halikunipitia hata siku moja. Mama yake akamjibu kwamba alibaki na mama yake. "Na yule baba mdogo mbaya?" Na yule baba mdogo mbaya pia. Hapo umeme ukakatika, sisi watatu tukabaki gizani, na mtoto akaanza kulia, jambo ambalo hakulifanya kwa kifo wala kwa fisi. Ilitubidi kumsimulia nusu iliyobaki kwa mdomo, kwa mwanga wa simu, mke wangu akisimulia upande wa Nala na mimi upande wa Simba, na nikagundua kwamba upande wake ulikuwa mrefu zaidi.

Umeme ulirudi saa tano usiku akiwa amekwisha kulala. Tumekubaliana kumalizia kesho baada ya chakula cha mchana, na shangazi amesema atakuja, kwa sharti kwamba nimtafutie fundi wa kuihamishia ile kanda ya kwanjula kwenye kompyuta, kwa kuwa hana kumbukumbu nyingine ya siku ile. Ameniagiza fundi asikate ile sehemu ya mwanzo yenye Simba. Anasema wajukuu wake wameizoea hivyo.